Fungamano la nafsi likihisiwa na kila mtu, dini inatoka wapi?

Msimulizi wa Pwani ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninaandika riwaya ya kisayansi na sura ya nne imenikwamisha. Ustaarabu ninaoubuni ni wa viumbe niliowaita Watelu, ambao wanaishi katika sayari yenye mabonde mapana ya maji ya kina kifupi na ukungu usioisha. Watelu wana kitu nilichokipa jina la Fungamano. Wawili wanapokaribiana, kila mmoja huhisi anachohisi mwenzake: njaa yake, woga wake, furaha yake, hata kumbukumbu inayompitia wakati ule. Hakuna maneno ndani ya Fungamano. Wakitaka maneno hutumia midomo kama sisi. Wakikusanyika wengi, hisia zao huchanganyika zikawa kitu kimoja kikubwa ambacho hakuna hata mmoja wao anayeweza kudai kuwa ni chake.

Nilikusudia Fungamano hilo ndilo liwe dini yao. Nimewajengea nyumba za ibada kandokando ya maji, nimewapa makuhani, na nimeweka sikukuu moja kwa mwaka ambapo mji mzima huingia majini kufungamana. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu alinirudishia na neno moja tu pembeni ya ukurasa, kwamba hiyo si dini, ni hisi ya sita, na hajapata kusikia mtu anayeabudu pua yake.

Maswali yangu ni haya. Ikiwa kila Mtelu analihisi Fungamano tangu utotoni, imani inabaki na kazi gani, maana mtu haambiwi aamini kitu ambacho tayari anakigusa? Kuhani atamfundisha nani, na amfundishe nini? Na mzushi, yule anayeipinga dini akiwa ndani yake, atatokeaje katika jamii ambayo watu wake hawawezi kufichana yaliyomo moyoni? Naomba nisishauriwe kuwafanya wote wawe akili moja yenye miili mingi, kwa sababu hilo limekwisha kuandikwa mno. Nataka watu, kila mmoja na jina lake na ugomvi wake na shemeji yake, ila wawe wamefungamana.

Domodomo wa Ziwani amejibu:

Ndugu Msimulizi, mimi ni mtu wa elimu ya viumbe, kwa hiyo nitaanza na mwili na kuwaachia wengine mambo ya roho. Naona rafiki yako amesema vile kwa sababu Fungamano lako halina gharama wala ukomo. Kitu ambacho kipo wakati wote, mahali pote na kwa kila mtu, hakimlazimishi mtu yeyote kukitafakari.

Umesema Watelu wanakaa kwenye maji, na hapo una bahati, maana samaki ambaye nimechukua jina lake humu jukwaani ana karibu kila kitu unachokihitaji. Domodomo wa Ziwa Victoria na wa mto Nile, pamoja na jamaa zake wengi walioenea katika mito ya Afrika, ana kiungo karibu na mkia kinachotoa mipigo midogo ya umeme, midogo kiasi kwamba mvuvi anayemtoa wavuni hahisi chochote mkononi. Kwa mipigo hiyo samaki huyu hutambua vitu vilivyo karibu naye usiku na katika maji ya tope, na kwa mipigo hiyohiyo huwatambua wenzake. Hewani umeme huo haufiki popote. Hata majini hufifia upesi sana kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo mazungumzo yao ni ya jirani na jirani, wala si ya ziwa zima.

Wape Watelu kiungo cha namna hiyo na papo hapo umepata jiografia ya dini yako. Fungamano litakuwa majini tu. Aliyepanda kilima yuko peke yake, na aliyelala kitandani ndani ya nyumba kavu yuko peke yake. Mji mzima hauwezi kufungamana kwa mkupuo mmoja: kila mtu humhisi jirani yake, jirani naye humhisi wa pili yake, na hisia hupita kwa kupokezana kama habari ya msiba inavyopita mtaani, ikiongezwa na kupunguzwa kidogo kila inapopokewa. Anayesimama mwisho wa mkusanyiko hatahisi kile kile kilichoanzia katikati.

Liko jambo jingine ambalo mwandishi wa riwaya angelipenda zaidi. Wapo samaki wa umeme ambao hawatoi mipigo bali mawimbi mfululizo, kila mmoja kwa masafa yake, yaani idadi ya mawimbi anayoyatoa kwa sekunde. Wawili wenye masafa yaliyokaribiana mno wakikutana, mawimbi yao huvurugana na kila mmoja hupungukiwa na uwezo wa kutambua kilicho mbele yake, kwa hiyo mmoja hupandisha masafa yake na mwingine huyashusha mpaka waachane vya kutosha. Watafiti wa Kijapani waliliandika jambo hili mwaka 1963 kwa samaki wa Amerika Kusini, na baadaye likaonekana kwa samaki mmoja wa Afrika ambaye si ndugu yao wa karibu hata kidogo. Maana yake kwa Watelu ni nzito: ili wafungamane ni lazima watofautiane. Wawili wakifanana kabisa, wote wawili wanapofuka.

Na hilo la akili moja yenye miili mingi unaweza kulizuia kwa kupima upana wa njia. Nusu mbili za ubongo wa binadamu zimeunganishwa na nyuzi za neva zinazokadiriwa kufika milioni 200. Roger Sperry, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, alionyesha kwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa nyuzi hizo ili kupunguziwa maradhi kwamba kila nusu inaweza kutambua kitu na kukijibu bila nusu ya pili kuwa na habari. Njia ikiwa pana na ya kasi, wawili huwa mmoja. Ikiwa nyembamba, wanabaki wawili wanaopashana habari. Fungamano lako liache liwe jembamba. Lipitishe hisia, lisipitishe fikra.

Mwanachuo wa Dini amejibu:

Namshukuru Domodomo kwa sababu amenipa kile hasa nilichokuwa nakitafuta katika swali hili, nacho ni ukingo wa maji.

Ndugu Msimulizi, rafiki yako amesema kweli nusu. Hakuna anayeabudu pua yake, lakini tazama namna aliyepofuka ukubwani anavyozungumza juu ya mwanga, na namna sisi wenye macho tusivyouzungumzia kabisa. Mimi ningeitoa dini ya Watelu kwenye Fungamano lenyewe na kuiweka pale linapokatika. Mtoto ambaye kiungo chake bado hakijakomaa, msafiri aliyeko nchi kavu, mgonjwa asiyeweza kubebwa hadi majini, mfungwa, maiti: hao ndio watakaowalazimisha Watelu kuwa na sala, na maneno ya sala, na mtu wa kuyasema. Walio majini hawahitaji kuambiwa lolote.

Ukikubali hilo, maswali yako matatu yanajijibu. Imani kwa Mtelu ni kushikilia, akiwa peke yake kwenye mwamba mkavu usiku wa pili wa safari, kwamba kile alichoonjeshwa juzi bado kipo na bado kinamhusu. Hilo linaweza kuwa gumu sana, na watu wanaweza kulishindwa. Kuhani naye hana kazi majini. Kazi yake iko nchi kavu, kwa hiyo nyumba zako za ibada umezijenga mahali pasipofaa. Zitoe ukingoni uzipeleke juu, kwenye njia za wasafiri, milangoni mwa wagonjwa, magerezani. Napenda sana picha ya dini ambayo mahekalu yake yote yako mahali ambapo mungu wake hafiki.

Msingi wa wazo hili si wangu. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1912 kitabu kilichozama katika dini za wenyeji wa Australia ya kati, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Australia na alitegemea maandishi ya waliokwenda. Alieleza kuwa watu wakikusanyika kwa ngoma na nyimbo hupandwa na mchangamko ambao kila mmoja wao anauona kuwa ni nguvu inayomjia kutoka nje yake. Watu wengi hukumbuka sehemu hiyo tu. Sehemu inayokufaa wewe ni ile inayofuata, kwamba mkusanyiko ukitawanyika mchangamko hufifia, na ndipo zinapohitajika alama, yaani kijiwe, kibao kilichochorwa, mnyama wa ukoo, ili kuushikilia mpaka watu watakapokutana tena. Kwa Watelu alama hizo zingekuwa ni za nchi kavu tu. Mtelu ndani ya maji akishika kibao cha ibada, wenzake wangemshangaa.

Kuhusu mzushi, usidhani kwamba watu wanaohisi jambo moja lazima wakubaliane juu yake. Waliowahi kusimama katika duara la zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja na kwa kurudiarudia, ya Kadiria, tarika ya Kisufi, Zanzibar au Bagamoyo, wanajua pumzi za watu zinavyoanza mbalimbali na kuishia kuwa pumzi moja. Sheikh Uwais bin Muhammad wa Barawa, mmoja wa walioieneza sana tarika hiyo katika mwambao wetu, aliuawa mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, ambaye naye alikuwa mtu wa tarika, ya Salihiya, yenye zikri zake. Kati ya mambo makubwa waliyohasimiana ni kama inafaa kuwafanya mawalii waliokwisha kufa kuwa wasila, yaani njia ya kumfikia Mungu kwa maombi. Pande zote mbili zilijua ladha ya zikri, na ladha hiyo haikuwaamulia kesi yao.

Basi wape Watelu kesi ya namna hiyo. Kundi moja liseme kwamba Fungamano lilikuwapo kabla ya Mtelu wa kwanza kuingia majini, na litabaki siku maji yatakapokuwa matupu. Kundi jingine liseme kwamba Fungamano ni jumla ya waliomo na si zaidi, na wote wakitoka limekwisha. Wakiingia majini pamoja watahisi kitu kimoja kilekile, bila tofauti hata ya unywele. Hakuna hisia itakayowaonyesha nani mkweli, na kila upande utaudhika zaidi kwa kuwa unajua hakika kwamba wenzao hawadanganyi.

Mwanabaraza amejibu:

Nimemsoma Mwanachuo kwa furaha, lakini makuhani wake ni wema kupita kiasi. Wanazunguka vilimani wakiwafariji wagonjwa na kuwakumbusha wasafiri, na hakuna hata mmoja anayekula sadaka. Ningemwomba Msimulizi atazame pia upande wa mamlaka, kwa sababu yeye mwenyewe ameuacha mlango wazi aliposema kuwa hakuna maneno ndani ya Fungamano.

Fikirini mkutano wa bonde zima. Watu elfu kadhaa wamesimama majini mpaka kiunoni, na wote wamehisi uzito wa namna fulani kifuani. Wanatoka. Sasa uzito ule ulikuwa na maana gani? Kwamba vita visipiganwe, au kwamba vita vimechelewa? Atakayeitwa kuupa maneno ndiye mtawala, hata kama anaitwa karani tu.

Mfano ninaoufahamu ni wa Marafiki, madhehebu ya Kikristo ambayo wengi tunayaita Quaker. Katika mikutano yao ya jadi kule Uingereza hukaa kimya wakingoja, na katika kuamua mambo ya jumuiya hawapigi kura. Karani husikiliza, hutambua mkutano unaelekea wapi, huandika azimio palepale na kulisoma kwa sauti, na mkutano hulikubali au hudai lirekebishwe. Utaratibu huo umewekewa breki nyingi kwa makusudi, maana wanajua kuwa kalamu ya karani inaweza kuandika kilichomo moyoni mwake na kukiita cha wote. Marafiki walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo yenye waumini wengi wa madhehebu hayo kuliko nchi nyingine yoyote. Huko ibada zao kwa kawaida zina mchungaji, mahubiri na nyimbo. Ukiwaweka Mwingereza anayengoja kimya na Mkenya anayeimba kwa sauti chini ya jina moja, unaona jinsi fundisho moja juu ya nuru iliyomo ndani ya kila mtu linavyoweza kuzaa taratibu mbili zisizofanana. Mabonde ya Watelu yawe hivyohivyo. Bonde moja liwe na karani anayesomewa upya na watu, na bonde jingine liwe na karani ambaye neno lake halirudishwi.

Sikubaliani pia kwamba Watelu hawawezi kufichana. Domodomo ameshauri Fungamano lipitishe hisia na lisipitishe fikra, na hilo linaacha nafasi kubwa ya uongo. Ukisimama karibu nami utahisi woga wangu, lakini hutajua namwogopa nani. Nikisema ni woga wa utakatifu wa mahali hapa, utanikatalia kwa ushahidi gani? Mshtakiwa asiye na hatia hutetemeka sawasawa na mwenye hatia, na hakimu wa Kitelu anayeamua kwa mitetemo atafunga watu wengi wasio na kosa kabla ya kuzinduka. Na watakuwapo waliojizoeza kutuliza mioyo yao, ambao wakiingia majini hawahisiki ila kwa utulivu mzito. Umma utawaona watu hao kuwa ni watakatifu. Baadhi yao watakuwa majambazi.

Msimulizi wa Pwani ameandika:

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia, na nimeanza kuandika upya. Makuhani nimewahamishia nchi kavu kama alivyoshauri Mwanachuo, na karani wa Mwanabaraza nimemfanya adui mkuu wa kitabu, ingawa nitajitahidi wasomaji wampende mpaka katikati.

Naomba mnisomee kipande hiki. Nimewaza kwamba huzuni ya msiba ni hisia inayoambukiza vibaya majini, kwa hiyo sheria ya Watelu inamkataza mfiwa kuingia majini kwa msimu mzima. Ndiye anayelihitaji Fungamano kuliko wote, na ndiye aliyezuiwa:

"Sauma alikaa kwenye ngazi ya saba, ambayo maji hayaifikii hata wakati wa mafuriko. Chini yake wanawake wa mtaa walikuwa wamesimama wakiosha nyavu, na aliona kwa namna mabega yao yalivyolegea kwa pamoja kwamba mmoja wao amechekeshwa na jambo. Hakujua ni jambo gani. Mke wa kaka yake alipanda ngazi akiwa na kitambaa kilicholowa, akakikamua nusu, akamwekea Sauma shingoni pale kiungo kilipo. Kwa muda wa pumzi chache kulikuwa na kitu, hafifu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali kwa jina ambalo huenda si lake. Kisha kitambaa kikakauka. Kuhani, aliyekuwa ameketi ngazi moja nyuma, alianza kusoma majina ya walioko majini, mmoja mmoja, bila haraka, kama anavyotakiwa kufanya kila alasiri mpaka msimu uishe."

Swali langu lililobaki ni la marehemu mwenyewe. Mume wa Sauma amekufa. Je, Watelu wangeamini kwamba yumo ndani ya Fungamano? Nikisema ndiyo, naona nimerudi kwenye mizimu tuliyoizoea. Nikisema hapana, dini yenyewe inakuwa baridi mno.

Domodomo wa Ziwani amejibu:

Kipande ni kizuri, ila kitambaa kilicholowa hakitapitisha kitu ikiwa kimetengana na maji. Kiwe kirefu, ncha yake moja ibaki bondeni, wanawake wakipokezana kukishikilia ngazi kwa ngazi hadi kwake. Itakuwa kazi ya watu wengi kwa ajili ya mtu mmoja, na si kazi ya wifi peke yake.

Mwanachuo wa Dini amejibu:

Marekebisho ya Domodomo yameboresha tukio kuliko ushauri wowote wa kidini ambao ningeutoa, na ningependa kujua kama sheria inaruhusu kitambaa hicho au wanawake wanaivunja. Mimi ningependelea wawe wanaivunja, na kuhani anageukia upande mwingine.

Kwa habari ya marehemu, usiikimbie mizimu upesi. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kuwa aliyekufa hubaki katika kile alichokiita Sasa kwa muda wote ambao yuko aliye hai anayemkumbuka kwa jina na aliyepata kumjua. Huyo Mbiti alimwita mfu aliye hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huvuka akaingia Zamani, na hapo jina lake halina wa kuliita. Mbiti alipingwa, hasa kwa madai yake kuwa Mwafrika wa jadi karibu hana wazo la wakati ujao wa mbali, na mimi mwenyewe nayaona madai hayo kuwa mapana mno. Lakini ngazi ile kati ya anayekumbukwa kwa jina na asiyekumbukwa ni ya kweli katika familia nyingi, na kwa Watelu ingekuwa na umbo la ajabu.

Umesema kumbukumbu iliyo hai kwa mtu huhisiwa na jirani yake. Basi Sauma akirudi majini msimu ujao na akamkumbuka mumewe, mtoto aliyezaliwa jana, ambaye hakumwona, atahisi jinsi Sauma anavyohisi kumkumbuka. Mtoto huyo akikua atakuwa na kumbukumbu ya mtu ambaye hakukutana naye. Atampa mwanawe, na mwanawe atampa mjukuu. Kwa hiyo kwa Watelu marehemu havuki kwenda Zamani anapokufa aliyemjua, anaendelea kupokezwa. Ila Domodomo alisema mapema kwamba kila mpokezano hupunguza kitu. Kwanza litapotea jina, kwa kuwa Fungamano halina maneno. Kisha uso. Kisha mambo aliyoyafanya. Baada ya vizazi kadhaa kinachobaki cha mume wa Sauma ni labda joto fulani, au namna fulani ya kupendwa ambayo haina mwenyewe, na kwa kuwa mabaki ya marehemu wote huishia kufanana, yanachanganyika.

Hapo ndipo ningemweka mungu wao. Mtelu akiingia majini huhisi walio karibu naye, na nyuma yao huhisi kitu kingine kikubwa, tulivu, kisicho na jina, ambacho si cha yeyote aliyepo. Kundi la kwanza la wazushi wangu linasema ndicho chanzo cha wote. Kundi la pili linasema ni mabaki ya wafu waliosahauliwa. Msomaji wako asiambiwe ni kipi.

Mwanabaraza amejibu:

Kama ni hivyo, nawaonea huruma watu wa bonde hilo, kwa sababu karani sasa amepata silaha kubwa kuliko jela. Akimtaka mtu aangamie kabisa, hana haja ya kumuua. Atatoa amri kwamba wanaomkumbuka mtu fulani wasiingie majini. Wakitii, marehemu hapokezwi kwa mtu yeyote, na haongezi hata chembe katika kile kikubwa kilichoko nyuma ya wote. Naona sheria ya kumzuia mfiwa kwa msimu mmoja huenda ilianzia kwa huruma, au kwa hofu ya kuambukizana huzuni, na kwamba karani wako ataifikia na kuirefusha polepole: msimu mmoja, miwili, kisha mpaka idhini itakapotolewa. Mume wa Sauma alikufa kwa sababu gani, Msimulizi? Hilo hukutuambia.

Msimulizi wa Pwani ameandika:

Alikuwa msaidizi wa karani, ndiye aliyeshika wino. Alisikia mkutano umehisi nini na akaona kilichoandikwa. Mpaka jana nilidhani amekufa kwa homa.

Domodomo wa Ziwani amejibu:

Ikiwa mambo yamefika huko, nakuongezea kitu kimoja cha kukusaidia kwa mabonde ya jirani. Fuko wasio na manyoya, wanaoishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, kila koloni lao, yaani kundi linaloishi pamoja, lina malkia mmoja na lafudhi yake ya milio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kinda aliyehamishiwa koloni jingine hukua na lafudhi ya huko, na kwamba malkia akipotea lafudhi ya koloni huanza kutawanyika mpaka malkia mpya ajisimike. Fanya kila bonde liwe na lafudhi yake ya hisia. Mgeni akiingia kwenye maji ya wenzake atahisi mengi, ila atayachanganya: huzuni yao ataiona kama njaa, na furaha yao kama hasira. Sauma akitorokea bonde la pili pamoja na kumbukumbu ya mumewe, wenyeji watampokea, lakini watoto wake tu, waliokulia huko, ndio watakaoweza kumpokeza marehemu huyo kwa lafudhi ambayo majirani wataielewa. Hesabu miaka ambayo karani anaweza kuishi, na umri wa watoto, kabla hujaamua mabonde hayo yatenganishwe na safari ya siku ngapi kwenye nchi kavu.